Je, Wajua? Deni Lililomfanya Mtu Mtumwa

Katika Roma ya kale, aliyeshindwa kulipa deni aliweza kuuzwa utumwani ng'ambo ya mto Tiber. Ndivyo vilivyosema Vibao Kumi na Viwili, sheria zilizoandikwa mwaka 450 KK hivi.

• Mdaiwa alipewa siku 30 alipe. Zikipita, alifungwa siku 60. Siku tatu za gulio alipelekwa hadharani, deni likitangazwa, huenda akatokea wa kumlipia.

• Watoto walizikariri sheria hizo. Msemaji mashuhuri wa Kirumi, Cicero, alikuwa mmoja wao.

• Karne nyingi baadaye, mwaka 533 BK, Kaisari wa Kirumi Justinian alitoa Digesta: hoja za wanasheria wa kale katika vitabu 50.

• Urithi wa sheria za Kirumi ungali hai. Ulipitia Ufaransa na Ubelgiji, ukafika Kongo, Rwanda na Burundi.