Maneno Yanayojeruhi

Hapa Karagwe na Kyerwa tunauza kahawa ili mtoto afike chuo kikuu. Akipanda basi tumeshahesabu nguo na fedha zake. Maneno yatakayomkuta huko, je?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na "Punch", mabango ya ukutani yasiyo na jina la mwandishi. Mwanzoni yaliwakosoa wakubwa. Baadaye yakawadhalilisha wasichana. Februari 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alijitoa uhai baada ya kusumbuliwa na wanafunzi wa kiume. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilipaza sauti.

Mei mwaka huohuo serikali ilikifunga chuo kwa sababu ya mgomo. Kudai haki kwa uso wazi ni uhuru. Kumtukana binti kwa kujificha si uhuru. Leo ukuta huo ni simu.

Katika uuguzi nimejifunza kuwa mwenye jeraha la moyoni mara nyingi hasemi mpaka aulizwe. Tumwulize binti: "Mwanangu, kuna anayekusumbua?" Tusianze na alivaa nini. Na mvulana wetu tumfundishe: msichana akisema hapana, amemaliza.