Pasi, Birika na Waya Mmoja

Ni asubuhi ya siku ya shule. Chumbani mna soketi moja tu ukutani, na humo umechomekwa waya mrefu wenye matundu matatu. Pasi imo, birika la umeme limo, na redio nayo inaimba. Mara yasikika harufu ya plastiki iunguayo. Mama mwenye nyumba huchomoa vyote kwa haraka, hungoja kidogo, kisha huchomeka tena, kwani watoto hawawezi kwenda shule na nguo zenye mikunjo. Harufu ile ilikuwa onyo, na hatari yenyewe ingaliweza kujulikana tangu jana yake kwa kalamu na kipande cha karatasi.

Hesabu inayotakiwa haizidi kuzidisha na kugawanya. Karibu kila chombo cha umeme kina kibandiko chenye maandishi madogo. Herufi V ni ya volti, yaani msukumo wa umeme. A ni ya ampea, yaani wingi wa mkondo upitao katika waya. Na W ni ya wati, yaani nguvu itumiwayo na chombo. Volti zikizidishwa kwa ampea hupatikana wati. Volti zikigawanywa kwa ampea hupatikana ukinzani, ambao hupimwa kwa omu, nao ni kiasi ambacho chombo huuzuia mkondo. Jina hilo latokana na Georg Simon Ohm, Mjerumani, mtoto wa fundi wa makufuli, aliyekuwa mwalimu wa shule mjini Köln. Kitabu chake cha mwaka 1827 hakikupokewa vema nchini kwake. Nishani aliipata London, mwaka 1841.

Katika miji kama Bujumbura na Bukavu, ambako umeme wa majumbani ni wa volti 220, na ichukuliwe pasi ya wati 1,100. Wati hizo zikigawanywa kwa 220 hupatikana ampea 5, na ukinzani wake ni omu 44. Birika la wati 2,200 huvuta ampea 10, na ukinzani wake ni omu 22. Vyombo vyote viwili katika waya mmoja huvuta ampea 15. Redio haina uzito wa kuhesabiwa.

Hapa ndipo wengi wakosapo. Hudhani kwamba vyombo vikiongezeka, ukinzani nao huongezeka, na kwa hiyo umeme hupungua. Kinyume chake ndicho kweli. Kila chombo kichomekwacho ni kama mlango mwingine uliofunguliwa katika ukumbi uliojaa watu: njia huzidi, na umati utokao huwa mkubwa. Pasi na birika kwa pamoja vina ukinzani usiofika hata omu 15, yaani mdogo kuliko wa birika peke yake.

Sasa na utazamwe ule waya mrefu. Nyaya nyingi za namna hiyo zimeandikwa ampea 10. Tofauti ya 10 na 15 yaweza kuonekana ndogo, lakini mwaka 1841 Mwingereza James Joule alieleza kwamba joto la waya hukua kwa mraba wa mkondo. Mkondo ukizidi mara moja na nusu, joto huzidi mara mbili na robo. Waya uliokunjwa chini ya zulia hauna pa kulitolea joto hilo.

Plagi iliyolegea ni mbaya zaidi. Tuseme pale inapogusana na soketi pana ukinzani wa nusu omu tu, na birika linavuta ampea 10. Mraba wa 10 ni 100. Zidisha kwa nusu, jibu ni wati 50, zote zikichoma mahali padogo kuliko kidole gumba. Ndiyo sababu soketi hugeuka rangi ikawa ya kahawia kabla ya waya wenyewe kuungua. Fyuzi haioni hatari hii, maana mkondo haujazidi.

Ama kuhusu fyuzi, wako watu ambao ikikatika huweka waya mnene wa shaba badala yake, wakajisifu kwamba haikatiki tena. Ni kweli haikatiki. Kitakachotangulia kuungua ni waya uliofichwa ukutani.

Jioni umeme ukidhoofika, hesabu hubadilika. Volti zikishuka hadi 180, birika lile la omu 22 huvuta ampea 8 na kitu, na nguvu yake hushuka hadi wati 1,470 hivi. Lita mbili za maji baridi, ambazo zingechemka kwa dakika tano au sita, sasa hutaka karibu nane. Asidhani mtu kwamba mita humwonea huruma: maji hutaka joto lile lile, na kukawia huongeza linalopotea hewani. Friji haifuati hesabu hii, kwa kuwa ina mota. Volti zikipungua mota huweza kuvuta mkondo mwingi zaidi hata ikaungua, na ni heri kuichomoa.

Katika chumba kile cha asubuhi, lililo jema ni kutanguliza birika. Likisha kuchomolewa, waya ule utabeba ampea 5 za pasi bila taabu, na chai itakuwa tayari mezani.