KUZIMA MASHINI SI KUSIMAMISHA MASHINI

Ndugu mfanyakazi, umekata umeme, na sauti ya moteri imepungua. Unanyoosha mkono ili utoe kipande cha chuma. Ngoja! Tazama kwanza kama gurudumu limesimama.

Kwa nini tunakuonya hivi? Tuchukue mfano utakaopendeza vijana: pikipiki ya mashindano. Huko Marekani kuna mashindano ambamo pikipiki mbili hukimbizana katika njia iliyonyooka, meta 402 tu. Wako mafundi wanaotengeneza pikipiki za zamani kwa ajili ya mchezo huo. Ndani ya moteri mna gurudumu zito la chuma, ndilo volan. Fundi anajiuliza: nilipunguze uzito ao niliache?

Akiliacha zito, moteri inachelewa kushika mbio. Lakini ikiisha kuzishika, volan inakuwa na akiba ya nguvu. Mwendeshaji akiachilia ambreyaje, akiba hiyo inaingia katika gurudumu la nyuma, na pikipiki inaruka mbele. Fundi akilipunguza sana, moteri inapanda mbio upesi, lakini wakati wa kuondoka inaweza kukosa nguvu, hata kuzimika.

Akiba hiyo inatokana na mambo matatu: uzito, umbali wa uzito huo toka katikati, na mbio. Kilo moja iliyo kwenye ukingo wa gurudumu inabeba nguvu nyingi kuliko kilo iliyo karibu na katikati. Na mbio zikiongezeka mara 2, nguvu inaongezeka mara 4.

Tupige hesabu. Volan ya kilo 10, bapa kama sahani, yenye upana wa sentimeta 30, ikizunguka mara 3000 kwa dakika, ina nguvu sawa na mfuko wa simenti wa kilo 50 unaoanguka toka meta 11 juu. Ikizunguka mara 6000, ni kama mfuko ule umeanguka toka meta 45! Nguvu hiyo haipotei mara moja unapozima. Inapungua polepole.

Don Garlits, dereva mashuhuri wa magari ya mashindano ya namna hiyo, alionja uchungu wake. Tarehe 8 Machi 1970, huko California, sanduku la vitesi la gari lake, lililokuwa karibu na miguu yake, lilipasuka. Alipoteza sehemu ya mguu wa kulia. Mwaka 1971 alirudi na gari lenye moteri nyuma ya dereva. Hakuacha mchezo, bali aliondoa mwili wake katika njia ya hatari.

Sasa turudi kwetu katika atelie. Jiwe la kunolea, feni kubwa, gurudumu la mkanda: vyote vina akiba ileile. Kwa hiyo:

1. Ukizima mashini, ngoja mpaka isimame kabisa. Usiizuie kwa mkono, kwa kitambaa wala kwa kipande cha mti.

2. Usiondoe kifuniko cha kukinga.

3. Usizungushe jiwe kupita mbio zilizoandikwa juu yake. Jiwe lenye ufa litupwe.

4. Jiwe linapoanza kuzunguka, simama kando, si mbele yake. Vaa miwani ya kazi.

5. Kabla ya kutengeneza mashini, kata umeme na ufunge kwa kufuli.

Na nyumbani je? Baba akisimamisha pikipiki juu ya stendi na kuzungusha gurudumu la nyuma, watoto wakae mbali. Mnyororo hauchagui kati ya kitambaa na kidole cha mtoto. Usiupanguse kamwe wakati moteri inazunguka.

Kungoja gurudumu lisimame ni kazi ya dakika chache. Kidole kilichokatika, hata mshahara wa mwaka mzima hauwezi kukirudisha.