Ukaguzi wa Mwili: Kazi ya Lugha kwa Wazee wa Kolwezi

Nilipokuwa mwaka wa pili, ofisi moja ya hapa mjini iliniomba nigeuze tangazo la Kifaransa kuwa Kiswahili. Liliwaita wazee wanaopokea pensheni kwa contrôle physique. Nilifungua kamusi, nikaandika "ukaguzi wa mwili". Sarufi ilikuwa safi. Siku yenyewe wajane wengi hawakufika. Jirani yetu, ambaye sisi humwita Mama Mukubwa, alinieleza bila kucheka: "Mwana yangu, miye siwezi kuvua manguo mbele ya batoto juu ya makuta." Alikuwa ameelewa sawasawa nilichoandika. Lakini asiyefika hufutwa kwenye orodha, na ilimchukua miezi saba kurudishwa.

Ofisi ilitaka jambo dogo tu: mtu afike mwenyewe, aonekane yu hai. Ningeandika "Kila muzee afike yeye mwenyewe, tumuone na macho", ingetosha.

Wenzangu wa mwaka wa mwisho huniuliza kazi yangu ni nini hasa. Nikijibu "mawasiliano kwa wazee", wanafikiri napiga picha siku ya kugawa mchele. Picha zipo, sikatai. Lakini sehemu kubwa ya kazi ni makaratasi, na ni kazi ya watu wa kitivo chetu kuliko wanavyodhani.

Wazee wa ukanda huu walilelewa na kampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na tangu miaka ya 1920 ilianza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na familia zao: nyumba, hospitali, shule, posho. Mwaka 1957 ilianzisha hata gazeti lake, Mwana Shaba. Kampuni ilitaifishwa, baadaye ikaitwa Gécamines, na mfumo ukaendelea. Aliyezeeka ndani yake alizoea habari zimfuate mlangoni. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, uzalishaji ukaanguka, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, ulioitwa départs volontaires, yaani kuondoka kwa hiari. Kaa na wazee hao jioni moja, utawasikia bado wakibishana juu ya neno hilo volontaire. Anayedhani tafsiri ni somo la darasani tu na aende akawasikilize.

Usiwape Kiswahili cha kamusi kwa kuwa tu ni kizuri. "Kiinua mgongo" ni neno tamu, Dar es Salaam wanalijua. Hapa mzee anasema décompte, na ukimwondolea neno lake unamwondolea na hesabu yake. Mukanda kwetu ni barua. Mgeni kutoka pwani akisikia mzee amepoteza mukanda, atamtafutia wa kufungia suruali.

Baada ya kusoma tangazo, usiulize "Umeelewa?" Mzee atajibu ndiyo kwa heshima tu. Mwambie: "Baba, unirudilie, umesikia nini?" Mimi husomea wazee watatu kabla ya kuchapisha chochote, na mara nyingi wa kwanza tu ananirudisha mezani. Wengi walifanya kazi miaka mingi kwenye kelele za mashine. Kupaza sauti hakusaidii sana, kwani masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba. Kaa mbele yake, sema polepole kwa sauti nzito kidogo.

Upande wa pili wa kazi ni kupandisha maneno ya wazee juu. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kampuni ya madini itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, tena ikubaliane na jamii hizo kwa maandishi juu ya miradi. Ibara ya 49 ya Katiba nayo inampa mtu mzee haki ya ulinzi maalumu. Lakini kwenye vikao hivyo lisiloandikwa halipo. Wazee wa chama ninachokisaidia walikuwa wakisema "maji" tu, mwaka baada ya mwaka. Tulipima hatua kutoka kila nyumba hadi bomba, tukahesabu wanaochota wenyewe, tukaandika kurasa mbili za Kifaransa. Jibu bado hatujapata. Safari hii, angalau, walitugongea muhuri wa kupokea.

Kwa anayetaka kuanza: milango ni nyumba za wazee zinazotunzwa na masista, vyama vya wastaafu, redio za jamii, hospitali, na ofisi za kampuni zinazoshughulikia jamii. Mwanzoni utapewa nauli, pengine na chakula cha mchana. Hifadhi kila tangazo uliloandika, pamoja na lililokosewa na sahihisho lake. Ndilo lililonipatia mkataba wangu wa kwanza, siyo diploma.

"Ukaguzi wa mwili" ninao bado kwenye faili. Wiki iliyopita nilimsomea Mama Mukubwa tangazo la kuhesabiwa upya. Alisikiliza hadi mwisho, akarudia siku na saa bila kukosea, kisha akauliza wapitie mlango gani, ule wa ngazi au ule wa nyuma. Nilikuwa nimesahau mlango.