Moto wa Kambini Si Mlinzi: Kweli na Uongo wa Porini Kaliua

"Moto mkubwa ukiwaka usiku kucha, simba hasogei." Si kweli. Mwaka 1898 simba wawili wa Tsavo waliwanyakua wajenzi wa Reli ya Uganda kutoka kambini, moto ukiwaka na ua wa miiba umezungushwa. Moto humfanya mnyama asite tu. Lala ndani ya hema lililofungwa vizuri, mabaki ya nyama yawe mbali, na usitoke gizani peke yako.

"Moto uliofukiwa mchanga umezimika." Si kweli, na huu ndio uongo unaotuumiza zaidi. Makaa hukaa na joto chini ya mchanga kwa saa nyingi, hushika mzizi mkavu, kisha upepo wa Agosti huyafukua wakati mwenyewe ameshaondoka. Kiangazi miombo yetu hupukutisha majani, na nyasi zimekauka. Moto wa wakati huo hupanda hadi kwenye mizinga ya magome iliyotundikwa mitini. Mrina asali hupoteza mzinga, nyuki, na maua ya msimu unaofuata. Warina wenyewe tuambiane ukweli: kienge cha moshi kikitupwa chini baada ya kurina huanzisha moto uleule. Mwaga maji, koroga majivu, mwaga tena, mpaka uweze kuweka mkono juu yake bila kuhisi joto. Maji hayatoshi kuuzima? Usiuwashe.

Lakini kusema kila moto wa porini ni mbaya, si kweli vilevile. Moto wa mapema, mvua zinapokatika na nyasi zingali na unyevu, huwaka taratibu na kupunguza kuni za moto mkali wa baadaye. Hiyo ni kazi ya wenye kibali, si ya mpita njia.

"Kiboko anakula nyasi, hana neno." Si kweli! Kando ya mto Ugalla, ambako hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 2019, hutoka majini usiku kwenda malishoni. Ukisimama kati yake na maji, umemzibia njia. Usipige hema kwenye mapito yake.

Kuchanja jeraha la nyoka na kunyonya sumu? Uongo. Kiungo kisitikisike, mgonjwa apelekwe hospitali haraka.

"Mbung'o hufuata nguo za buluu na nyeusi." Kweli kabisa, mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa kaki, nguo nzito. Ukipata homa baada ya safari, mwambie daktari kwamba ulipita pori la mbung'o, akupime malale pia, kwa sababu dawa ya malaria haiyatibu.