Walokole na dini ya siku saba

Katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki wapo watu wanaoitwa walokole. Wengine huwaita hivyo kwa heshima, wengine kwa dhihaka. Je, jina hilo limetoka wapi? Na watu wa kwanza walioitwa hivyo walitaka nini? Leo tutaeleza. Tunajua si wasomaji wetu wote ni Wakristo, lakini jambo lenyewe linamhusu kila mtu mwenye deni.

Neno lenyewe

Neno mlokole limetoka katika Kiganda, lugha ya Buganda kule Uganda. Kwa Kiganda, kulokola ni kuokoa. Balokole ni watu waliookolewa.

Wamisionari Waprotestanti walifika Buganda mwaka 1877. Wakati ule watu walioingia dini waliitwa wasomaji, maana kuingia dini na kujifunza kusoma vilikwenda pamoja. Ninyi mliohitimu kisomo mnaelewa vizuri jambo hilo. Lakini miaka 50 baadaye dini ilikuwa imeanza kuwa desturi tu. Mtu alibatizwa, akapata jina jipya, akakaa mbele kanisani. Akirudi nyumbani, ni yule yule wa jana: mlevi, mwizi, mgomvi.

Jinsi uamsho ulivyoanza

Mwaka 1929, huko Namirembe, Kampala, walikutana watu wawili. Mmoja ni Simeoni Nsibambi, Mganda. Wa pili ni Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini, nchini Rwanda. Walisoma Biblia pamoja na kuomba pamoja. Katika miaka iliyofuata uamsho uliwaka Gahini, ukasambaa. Mwaka 1937 ulifika Kenya. Mwaka 1939 ulifika Katoke, magharibi ya Ziwa Victoria, katika Tanganyika ya wakati ule.

Walifanya nini hasa?

Walokole waliimba na kuhubiri. Lakini hayo hata wengine waliyafanya. Kilichowashangaza watu ni mambo matatu.

Kwanza, walisema kweli juu yao wenyewe. Walikutana vikundi vikundi, na kila mmoja alitaja kosa lake mwenyewe, si la jirani. Wazungu na Waafrika walikaa pamoja. Wakati ule wa ukoloni, Mzungu kumwomba Mwafrika msamaha lilikuwa jambo kubwa.

Pili, walirudisha. Aliyeiba alirudisha kitu cha watu. Walifuata mfano wa Zakayo, yule mtoza ushuru anayesimuliwa katika Injili ya Luka, sura ya 19. Zakayo aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu.

Tatu, walipatana. Mtu aliyemchukia mwenzake alimwendea, hakungoja kufuatwa.

Basi hapo ndipo penye shida. Kulia kanisani ni rahisi. Kubeba jembe la watu ulilokaa nalo miaka miwili, ukapita nalo njiani mchana watu wakikuona, si rahisi hata kidogo! Tuchukue mfano mwingine. Mtu anauza mahindi kwa debe lililobonyezwa kitako. Jumapili anatoa sadaka nono. Sadaka hiyo ni ya nani? Sehemu yake ni ya wale waliopunjwa.

Gharama yake

Imani ya namna hii iliwagharimu wengi. Katika vita vya Mau Mau nchini Kenya, miaka ya 1950, walokole wengi walikataa kula kiapo. Wengi wao walikataa pia kushika bunduki upande wa serikali. Kwa hiyo walishukiwa na pande zote mbili, na wapo waliouawa. Nchini Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka katika uamsho huo mwaka 1948, alipinga mauaji ya utawala wa Idi Amin. Aliuawa Februari 1977.

Kasoro nazo zilikuwapo

Tusiwasifu kupita kiasi. Wapo walokole waliojiona safi kuliko wenzao na kuwahukumu wachungaji wao. Mwaka 1941 mvutano ulikuwa mkali hata wanafunzi 26 wakafukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda. Tena wapo watu ambao, wakitubu hadharani, huwataja na wenzao. Hiyo si toba, ni kuwaumbua watu.

Sisi tufanyeje?

Kama una kitu cha mtu au deni la zamani, fanya hivi:

1. Chukua daftari. Andika jina la mwenye mali, kitu chenyewe, na thamani yake.

2. Nenda mwenyewe. Usitume mtoto.

3. Sema kwa maneno machache: nilichukua, nimekuja kurudisha. Usianze kueleza sababu.

4. Kama huna cha kulipa chote, patana naye mlipe kidogo kidogo. Andikeni mapatano, nyote mtie sahihi. Kila ukilipa, andikeni.

5. Asipokusamehe, usikasirike. Umekwenda kulipa, hukwenda kununua msamaha.

Huko ndiko kumpenda Mungu kwa moyo wote katika siku saba. Kunaonekana katika debe, katika jembe, na katika daftari la madeni. Mke na watoto nao wanakuona nyumbani kabla mchungaji hajakuona kanisani. Hao ndio mashahidi wa kwanza.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini kurudisha ni kugumu kuliko kuomba msamaha kwa maneno?

2. Je, katika kijiji chenu vipimo vya sokoni ni vya haki? Nani anaweza kuvikagua?

3. Kuna tofauti gani kati ya kutubu na kumuumbua mwenzako?