Toleo la majaribio, toleo thabiti na "toleo la mwisho"

Nomino *toleo* (wingi: *matoleo*) imetokana na kitenzi *toa* kupitia umbo *tolea*. Hutumika kwa vitabu na magazeti. Katika programu huria hutaja hali ya programu iliyopewa namba na kukabidhiwa watumiaji.

Hatua zinazotangulia makabidhiano hayo si ngeni kwa mkulima wa Bonde la Kilombero. Aina mpya ya mpunga, kama ilivyokuwa SARO 5 (TXD 306), hujaribiwa kwanza na watafiti kituoni, kisha katika mashamba ya wakulima, ndipo *hutolewa* rasmi. Vivyo hivyo, *toleo la alfa* hujaribiwa hasa na watengenezaji wenyewe. *Toleo la beta* hukabidhiwa watumiaji wa nje ili waripoti hitilafu. *Toleo tarajiwa* husahihishwa kasoro tu, bila kuongezewa jambo jipya. Hatimaye hutoka *toleo thabiti*. Alfa na beta zote mbili ni *matoleo ya majaribio*.

Mfasiri akizichanganya istilahi hizi, madhara huenda mbali. Taasisi ya Afya Ifakara imefuatilia kaya za Kilombero na Ulanga tangu 1996, na kazi iliyoanza kwa karatasi baadaye ilihamia kwenye programu huria ya OpenHDS. Katika kazi ya namna hiyo, msimamizi anayesoma *toleo jipya* mahali palipostahili *toleo la majaribio* anaweza kuhatarisha kumbukumbu za vizazi na vifo ambazo haziwezi kukusanywa upya.

*Toleo la mwisho* nalo lina utata: ni lililotoka karibuni, lililokamilika, au ambalo halitafuatwa na jingine? Kwa maana ya kwanza, *toleo la karibuni* ni bora. Kwa ya pili, *toleo kamili*. *La mwisho* libaki kwa programu iliyokoma kuendelezwa.

Namba za matoleo kwa kawaida si desimali. Toleo 2.10 (*mbili nukta kumi*) hufuata 2.9, halilitangulii. Ubuntu, ambayo hutolewa kila baada ya miezi 6, Aprili na Oktoba, huonyesha mwaka na mwezi: 24.04 ni toleo la Aprili 2024. Kwa hiyo sifuri zake hazidondoshwi katika tafsiri.